Nilivyoondoa matiti kifuani: mwongozo wa fundi cherehani kwa mwanaume anayefikiria upasuaji

Mimi ni fundi wa nguo za kiume, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Kazi hii imenifundisha kuwatambua wanaume wenye shida niliyokuwa nayo kabla hawajasema neno. Mteja anataka shati la mikono mifupi, lakini anaomba mifuko miwili kifuani, tena yenye vifuniko. Au anataka kanzu iwekewe bitana kuanzia mabegani hadi mbavuni, katika joto hili letu la Februari. Nikimzungushia tepu anakunja mabega mbele na kubana pumzi. Simuulizi. Mimi mwenyewe nilivaa fulana mbili chini ya shati tangu nikiwa na miaka 14 hadi nilipopasuliwa nikiwa na miaka 29, na miaka yote hiyo sikuingia baharini pale Raskazone hata siku moja.

Wateja wawili nimeshawaeleza yaliyonipata, na wote wakaniuliza maswali yaleyale. Naanzia wapi? Wanakata sehemu gani? Inauma kiasi gani? Narudi lini kazini? Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio ambao ningeshukuru sana mtu angenipa mapema. Mimi si daktari. Mambo ya kitabibu niliyoyaandika ni yale niliyoelezwa na walionitibu, na mengine niliyaona kwenye mwili wangu. Ya mwili wako atakwambia atakayekupima.

Jua kwanza kilichomo

Kifua cha mwanaume huvimba kwa sababu ya tezi ya titi, au mafuta, au vyote viwili pamoja. Kila mwanaume ana tezi ndogo nyuma ya chuchu. Homoni ya kike, estrojeni, ambayo sisi pia tunayo kidogo, ikiizidi nguvu testosteroni, tezi ile hukua. Hali hiyo madaktari wanaiita jinekomastia. Mafuta matupu ni jambo jingine, nayo hupungua mtu akipungua mwili. Tezi haipungui kwa kukimbia wala kwa kupiga pushapu. Laiti ningelijua hilo nikiwa na miaka 20! Nilijinyima chakula, nikakimbia kila alfajiri kutoka Ngamiani hadi bandarini na kurudi, mashavu yakaingia ndani, mama akadhani naumwa, na kifua kikabaki vilevile. Nilijiona mvivu kumbe sikuwa mvivu.

Unaweza kujigusa mwenyewe upate picha. Lala chali. Weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, kisha vilete polepole kuelekea kwenye chuchu. Kama ni mafuta, vidole vinakaribiana bila kukutana na kizuizi. Kama ni tezi, vitagonga kitu mfano wa kisahani, kigumu kiasi, kinanyumbulika kama raba ya kufutia penseli, kimekaa katikati chini ya chuchu, na huenda kikauma ukikibonyeza. Changu cha kulia kilikuwa na upana wa kifungo cha koti, cha kushoto kilizidi kidogo.

Sasa sikiliza hili vizuri. Uvimbe ukiwa mgumu kama jiwe, ukakaa pembeni badala ya katikati, ukashikamana na ngozi au nyama usisogee, au chuchu ikavutwa ndani, au ikatoa damu, au ngozi ikabonyea kama ganda la chungwa, au ukapapasa uvimbe mwingine kwapani, usisubiri mshahara wala msimu. Nenda hospitali wiki hiyohiyo. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia. Ni takriban mgonjwa mmoja katika kila 100 wa saratani hiyo, na wanaume wengi hufika wamechelewa kwa sababu hawakujua kwamba inaweza kuwapata.

Kwa nini imetokea? Swali hili linatangulia kisu

Daktari wa kwanza niliyemwendea hakunigusa. Alinitazama toka upande wa pili wa meza akaniambia nipunguze chapati. Nikatoka pale nikaingia duka la dawa, nikauziwa krimu ya kupaka asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Haikupunguza chochote isipokuwa akiba yangu. Baada ya hapo nikakaa miaka sita bila kumwambia mtu.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, na yeye alinifundisha jinsi uchunguzi unavyofanywa. Kwanza aliniuliza dawa zote ninazotumia na nilizowahi kutumia, pamoja na za kienyeji na zile za mazoezi. Zipo dawa nyingi zinazokuza matiti ya mwanaume: spironolaktoni ya moyo na shinikizo la damu, ketokonazoli ya fangasi ikimezwa, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama risperidoni na haloperidoli, finasteridi ya tezi dume, na efavirenzi ambayo watu wengi wanaotumia ARV waliimeza kwa miaka kabla haijaanza kubadilishwa na dolutegraviri. Vijana wa jimu wanaojidunga homoni za kujaza misuli nao huipata, kwa kuwa mwili huigeuza sehemu ya testosteroni iliyozidi kuwa estrojeni. Kama unatumia mojawapo, usiiache kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi ipo mbadala, na titi likiwa bado jipya linaweza kurudi lenyewe.

Halafu akaniomba apime korodani. Nilishtuka, nikamwuliza, "Mama, shida si ipo juu?" Akajibu, "Mwanangu, wakati mwingine uvimbe wa kule chini hujitangaza kwa kifua. Sikuachi uende bila kupapasa." Alikuwa na haki. Baadhi ya saratani za korodani hutoa homoni zinazokuza matiti, na kijana anaweza kulalamikia kifua tu. Korodani ndogo sana kwa mtu mzima nazo humfanya daktari afikirie hali ya kuzaliwa inayoitwa Klinefelter. Akaagiza vipimo vya damu: homoni, ini, figo na tezi ya shingo. Ini likichoka kwa pombe au homa ya ini hushindwa kuiondoa estrojeni mwilini ipasavyo. Nikapigwa altrasaundi ya kifua. Majibu yote yalirudi salama. Yangu ilikuwa ile ya balehe ambayo haikuondoka.

Hapa niseme na wazazi. Karibu nusu ya wavulana, au zaidi, huota kitu kama sarafu chini ya chuchu wakati wa balehe, na kwa walio wengi hupotea ndani ya miaka miwili. Mtoto wa miaka 13 au 14 hahitaji kisu. Anahitaji mzazi wa kumwambia ni kawaida, na anahitaji kaka zake waache kumwita majina. Kama matiti yanakua kabla ya balehe, au yanakuwa makubwa kwa kasi, hapo mpeleke akapimwe. Upasuaji kwa kawaida husubiri balehe iishe na kifua kikae bila kubadilika kwa mwaka mmoja au zaidi.

Kuhusu vidonge: ipo tamoksifeni, inayozuia estrojeni isifanye kazi kwenye titi, na madaktari humpa mtu ambaye titi lake ni jipya na linauma. Ikipita kama miezi 12, tezi inageuka kuwa nyuzi ngumu za kovu na dawa haina la kufanya. Mimi nilikuwa na miaka 15 ya nyuzi hizo. Kilichobaki kilikuwa kukata.

Mto na foronya

Daktari wa upasuaji nilimpata Dar es Salaam, kwani mabingwa wa upasuaji rekebishi, ambao wengi tunauita upasuaji wa plastiki, nchini kwetu ni wachache na wengi wapo miji mikubwa. Aliniambia nisimame, akatazama vitu vitatu: tezi ni kubwa kiasi gani, mafuta ni mengi kiasi gani, na ngozi imelegea kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana ni cha daktari Simon na wenzake, cha mwaka 1973. Daraja la kwanza ni uvimbe mdogo. La pili limegawanyika, uvimbe wa kati bila ngozi iliyozidi na uvimbe wa kati wenye ngozi iliyozidi. La tatu ni titi kubwa lililoanguka, lenye ngozi nyingi. Mimi niliwekwa daraja la pili, bila ngozi iliyozidi.

Nilielewa mara moja kwa sababu ni hesabu ya mto na foronya. Pamba ikiwa nyingi lakini foronya inavutika, unatoa pamba na foronya inajirudi. Foronya ikiwa imeshalegea, kutoa pamba kutakuachia kitambaa kinachoning'inia, na lazima ukate na kushona upya. Ndivyo wanavyochagua aina ya upasuaji.

Mafuta yakiwa ndiyo mengi, wanayafyonza kwa bomba jembamba la chuma kupitia tundu dogo pembeni mwa kifua. Kovu lake halifiki upana wa punje ya mahindi. Tezi ikiwa ngumu, bomba peke yake mara nyingi halitoshi, ndipo wanakata nusu mwezi kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, pale ngozi nyeusi inapokutana na ile nyepesi zaidi. Mkato huo aliueleza daktari Jerome Webster wa Marekani mwaka 1946 na bado unatumika, kwa kuwa kovu linajificha kwenye mpaka wa rangi mbili. Fundi yeyote atakwambia mshono mzuri unafuata mstari uliokuwepo. Mimi nilifanyiwa vyote, kufyonza kwanza kisha nusu mwezi.

Mwenye daraja la tatu huondolewa na ngozi. Makovu yake ni marefu zaidi, yanazunguka duara lote au yanapita chini ya kifua, na mara nyingine chuchu hutolewa kabisa ikapandikizwa mahali papya. Chuchu iliyopandikizwa hivyo hupoteza hisia nyingi. Mtu huyo aelezwe hilo waziwazi kabla hajasaini, na aonyeshwe picha.

Kumchagua daktari, na kuuliza bei

Mpasuaji awe amesajiliwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Jina lake uliulizie huko. Ukiambiwa kazi itafanyika saluni, au chumba cha juu cha duka la vipodozi, ondoka hata kama umeshalipa kianzio.

Mimi niliandika maswali kwenye karatasi ya kukatia ruwaza nikayasoma mbele yake. Umefanya upasuaji wa namna hii kwa wangapi? Naomba kuona picha za watu wenye ngozi kama yangu, za kabla na za baada ya miezi sita. Utakata wapi, nichoree. Nani ataniweka usingizini, na atakaa nami muda wote? Nyama mtakayotoa inapelekwa maabara? Nikivuja damu saa nane za usiku nampigia nani? Upande mmoja ukibaki mkubwa, marekebisho analipa nani? Daktari mzuri hachukii maswali haya. Wangu alinyamaza kidogo kwenye lile la saa nane za usiku, kisha akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi ileile. Ndilo jibu lililonifanya nimchague.

Kuhusu fedha, hospitali mbili zilinitajia bei zilizopishana sana. Nilipoomba mchanganuo nikagundua ile ya chini haikuweka kipimo cha maabara, fulana ya kubana, wala kurudi kufungwa kidonda. Omba kila kitu kiandikwe: mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda, dawa, maabara, fulana, marudio. Bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa urembo na hazilipi, lakini vipimo vya kutafuta sababu huenda zikalipia. Uliza, na uombe barua ya daktari ikiwa kuna maumivu au shaka ya ugonjwa.

Wiki za kabla

Kama unavuta sigara au shisha, acha angalau wiki nne kabla na uendelee kuacha baadaye, kwani nikotini inabana mishipa midogo na chuchu hukosa damu ya kutosha. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huongeza kuvuja damu; daktari atakwambia uziache lini. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiguse bila kumuuliza. Mtajie na vidonge vya kitunguu saumu na dawa za mitishamba, usione aibu. Uzito wako uwe umetulia. Na kama wewe au ndugu zako mnaota makovu yanayovimba, keloidi, sema. Kifua ni moja ya sehemu zinazopenda kuyaota, na watu weusi tunayapata zaidi. Dada yangu analo kwenye sikio, tangu alipotobolewa akiwa mdogo, kwa hiyo nilisema, na daktari akapanga kunifuatilia mapema.

Nunua mapema mashati matatu ya vifungo mbele. Hutaweza kupitisha nguo kichwani kwa siku kadhaa. Tafuta pa kufikia karibu na hospitali kwa siku kumi. Mimi nilifikia kwa shangazi, Mbagala. Chakula kigumu niliacha saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu saa mbili kabla.

Siku yenyewe

Daktari alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama wima, mikono kiunoni. Niliguswa na hilo. Mteja hupimwa akiwa amesimama, maana akilala kila kitu kinakimbilia ubavuni. Akazungusha mpaka wa uvimbe, akaweka alama pale mafuta yanapopungua pole pole ili pasije pakawa na ngazi kati ya sehemu iliyotolewa na isiyotolewa.

Wapo wanaofanyiwa kwa ganzi na dawa ya kutuliza. Mimi nililazwa kwa nusu kaputi. Baadaye alinieleza alivyofanya. Alijaza kifua maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu, akafyonza mafuta, kisha akaitoa tezi kwa mkato wa nusu mwezi. Hakuitoa yote. Aliacha kipande chenye unene wa kama sentimita moja chini ya chuchu, kwani ukikomba mpaka ngozi, chuchu inazama kama kisosi, na kurekebisha kisosi ni kazi ngumu kuliko upasuaji wa kwanza. Kama daktari anakuahidi kutoa "yote mpaka mwisho", muulize atazuiaje chuchu isizame.

Nilizinduka nimefungwa kifua, na mrija mmoja kila upande unatoa damu nyepesi kwenye vichupa. Maumivu? Kama umebeba magunia siku nzima bila kuzoea. Vidonge vilitosha. Mirija ilitolewa siku ya pili, na kutolewa kwake kuliniuma kuliko mkato.

Siku ya nne

Siku ya nne nilijiona mzima. Shangazi alikuwa ameenda sokoni, ndoo ya lita 20 ipo mlangoni, nikaibeba kwa mkono wa kulia mpaka bafuni. Hatua kumi hazifiki.

Kufikia magharibi upande wa kulia ulikuwa umevimba, umekaza, una rangi ya zambarau, na unapwita kama jipu. Wa kushoto ulikuwa umelala vizuri. Tofauti hiyo ndiyo dalili ya kuishika: pande zote mbili zikivimba kidogo na kwa usawa ni kawaida, upande mmoja ukijaa ghafla na kukaza, damu inakusanyika ndani. Ni tatizo la mapema linalotokea zaidi kuliko mengine katika upasuaji huu, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza, ila mtu akijitutumua laweza kuja baadaye kama langu. Nilipiga ile namba. Daktari aliniambia nisile kitu na nije usiku uleule. Walifungua nyuzi chache, wakatoa mabonge ya damu, wakaufunga mshipa uliokuwa unavuja, wakaniwekea mrija mwingine. Nililala siku moja. Kovu la kulia mpaka leo ni nene kidogo kuliko la kushoto.

Kwa hiyo kwa wiki mbili za mwanzo usibebe kitu kizito kuliko sahani ya chakula, usinyanyue viwiko kupita mabega, usivute mlango mzito. Lala chali, mito miwili mgongoni. Homa, usaha, harufu, wekundu unaosambaa, miguu kuvimba upande mmoja au kifua kubana pumzi, yote hayo ni ya kurudi hospitali mara moja.

Fulana ya kubana, ambayo naijua pande zote mbili

Fulana hii inakandamiza nafasi iliyobaki wazi chini ya ngozi ili isijae maji, na inaisaidia ngozi ishikamane upya na nyama. Mimi niliivaa usiku na mchana kwa wiki sita, naivua nikioga tu. Wengine huambiwa wiki nne. Watu wengi huitupa wiki ya pili kwa sababu ya joto, na wengi huitupa kwa sababu ilishonwa vibaya au ilinunuliwa kwa kukisia.

Jipime wima, ukiwa umepumua kawaida, sehemu tatu: chini ya makwapa, juu ya chuchu, na kwenye mbavu za mwisho. Usinunue kwa saizi ya shati lako. Fulana sahihi inakukumbatia kote sawasawa, unaweza kuvuta pumzi ndefu, na vidole viwili vilivyolala vinapita chini yake. Vidole vya mkono vikifa ganzi au makwapa yakikatwa, imebana mno. Ifunguke mbele, kwa zipu au vikulabu, na nyuma ya zipu pawe na utepe wa kitambaa usiguse ngozi. Mishono yote ikae nje. Zaidi ya yote isijikunje: kunjo moja juu ya nyama iliyovimba, ukalala nalo usiku kucha, linaacha mfereji. Kila ukiivaa pitisha viganja juu yake kuinyoosha. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine ipo mwilini. Ifue kwa sabuni laini na uianike kivulini, kwani jua la moja kwa moja linaua lastiki.

Yangu ya pili niliishona mwenyewe kwa pamba yenye lastiki, nikampelekea daktari aione kabla sijaivaa. Aliikubali, ila akaniambia nipunguze kubana kwapani.

Kurudi kazini, na miezi inayofuata

Safari ya kurudi Tanga nilifanya siku ya kumi na mbili, baada ya daktari kunikagua mara ya mwisho. Kanga ya shangazi niliikunja nikaiweka kati ya mkanda wa kiti na kifua, na basi liliposimama Segera nikashuka kutembea ili damu isilale miguuni. Begi lilibebwa na jirani wa kiti, niliomba tu.

Mtu wa kazi ya mezani hurudi ndani ya wiki moja hivi. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye cherehani baada ya wiki mbili, kwa saa mbilimbili. Pasi ya mkaa sikuishika mpaka wiki ya tano. Jimu, mpira na kuogelea vilisubiri wiki sita. Kama unaendesha bodaboda, subiri daktari akuruhusu, maana mashimo ya barabarani yanavuta kifua kuliko unavyodhani.

Utapapasa mabonge magumu chini ya chuchu wiki ya tatu, ya sita, hata mwezi wa tatu. Niliogopa nikadhani tezi imerudi. Ni kovu la ndani linalojijenga, na hulainika. Chuchu zangu zilikufa ganzi kwa miezi minne, kisha hisia zikarudi, kulia zikichelewa. Wapo ambao hairudi yote. Umbo la mwisho usilihukumu kabla ya miezi sita. Kovu likianza kuwasha, kung'aa na kunyanyuka kupita mkato, rudi haraka. Zipo bandeji za silikoni na sindano za steroidi, nazo hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa. Langu la kulia lilidungwa mara mbili likatulia. Wakati huo usilianike juani.

Tezi iliyotolewa kwa kawaida hairudi. Lakini kipande kilichoachwa kinaweza kuamka mtu akianza kujidunga homoni za misuli, au sababu ya mwanzo ikiwa haikutibiwa, na mafuta yanarudi mwili ukinenepa.

Majibu ya maabara yalifika baada ya wiki mbili: tezi ya kawaida na nyuzi za kovu, hakuna saratani. Karatasi hiyo usiiache hospitalini. Omba nakala, pamoja na maelezo ya upasuaji na picha ya altrasaundi, kwa sababu ukipata uvimbe mpya ukiwa na miaka 60, daktari wa siku hiyo atahitaji kujua nini kilitolewa na nini kiliachwa. Zangu nimezifunga kwenye nailoni, zipo kwenye droo ya cherehani, na mke wangu anajua zilipo.